Saa 12 jioni ya nani? Shajara ya mtarajali wa uhusiano wa umma

Mradi: kuandika matangazo ya kukatika maji ambayo mteja anaweza kuyaamini.
Mahali: kitengo cha habari na uhusiano, mamlaka ya maji ya mji mmoja wa mkoani, Tanzania.
Muda: wiki 12 za utarajali.

Wiki ya 1, Jumatatu

Nimeripoti saa 1:30 asubuhi. Kitengo kina watu watatu: mkuu wa kitengo, ambaye ofisi nzima inamwita Dada Mkuu, mpiga picha, na mimi. Nimetoka chuoni na shahada ya uhusiano wa umma, kichwani nina kampeni, nembo na mikutano na waandishi wa habari. Kazi ya kwanza niliyopewa ni kusoma magazeti. Mwananchi, Nipashe, HabariLeo na mengine yaliyofika. Kila habari inayogusa maji naikata, naibandika kwenye karatasi, naandika tarehe na ukurasa, na kabla ya saa 3 iwe mezani kwa mkurugenzi.

Wiki ya 1, Jumatano

Dada Mkuu kanikalisha meza ya huduma kwa wateja siku nzima. Nipokee simu, nisijibu nisichokijua, niandike. Nimejaza kurasa sita. Wengi walilalamikia ankara, wachache dira za maji zinazozunguka bomba likiwa kavu (fundi aliniambia baadaye kwamba hewa ikipita kwenye bomba inaweza kuzungusha dira, kwa hiyo hawakuwa wanazua).

Simu moja imenikaa moyoni. Mama mmoja, mama lishe karibu na stendi, hakupaza sauti hata kidogo. "Mwanangu, mlituma ujumbe kwamba maji yanarudi saa 12 jioni. Nikaacha kununua madumu. Hayakuja. Asubuhi sikupika, na wateja wangu wakaenda kula kwingine." Nilimwambia pole, mama. Akauliza, "Pole ya nini, wakati na leo mmetuma ujumbe ule ule?"

Nikaenda kuangalia. Kweli, ujumbe ulikuwa ule ule, umebadilishwa tarehe tu.

Wiki ya 1, Ijumaa

Nimemwomba Dada Mkuu ruhusa ya kuwa na mradi wangu. Nimenunua daftari la kurasa 200 na kupiga mistari: tarehe, mtaa, sababu ya kukatika, saa tuliyotoa tangazo, saa tuliyoahidi maji kurudi, na saa maji yalipofika kweli kwa mujibu wa mteja. Safu ya mwisho ndiyo haipo popote ofisini. Mafundi wanajua saa waliyofungua valvu, kitengo chetu kinajua saa kilichotuma ujumbe, na saa ambayo koki ya mama lishe ilitoa maji haijaandikwa na yeyote.

Dada Mkuu alikubali kwa sharti moja. "Usimnyooshee fundi kidole. Ukimpoteza fundi, huna habari."

Wiki ya 2, Jumanne

Nimepitia jalada la matangazo ya zamani. Yanafanana mno:

"TAARIFA KWA UMMA. Mamlaka inapenda kuwatangazia wateja wake kuwa kutakuwa na ukosefu wa huduma ya maji kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni kutokana na matengenezo. Maeneo yatakayoathirika ni … na maeneo ya jirani. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza."

Nimeyasoma kama mtu mwenye watoto watatu na pipa moja. Sipati jibu la maswali yangu. Maeneo ya jirani ni yapi, na mimi nimo? Usumbufu "utakaojitokeza" una maana gani, wakati kukosa maji kutwa nzima ndiyo usumbufu wenyewe? Na "inapenda kuwatangazia" inaniumiza zaidi ya vyote. Hakuna anayependa kumtangazia mtu kwamba atakosa maji.

Wiki ya 2, Alhamisi

Nimerudia maandishi ya chuoni ya Grunig na Hunt ya mwaka 1984, waliogawa kazi yetu katika namna nne: kutafuta sifa kwenye magazeti, kutoa habari tu, kuwasikiliza watu ili uwashawishi vizuri zaidi, na kuwasikiliza ukiwa tayari wewe mwenyewe kubadilika. Kwenye mtihani niliiandika hiyo ya nne kwa ufasaha. Leo nimejiuliza mamlaka ya maji itabadilishaje kitu kwa sababu ya simu ya mama lishe, na nimeona kwamba lazima kwanza nijue maji yenyewe yanatembeaje.

Wiki ya 3, Jumatatu na Jumanne

Siku mbili bora kuliko zote mpaka sasa. Nimepanda gari la mafundi, nyuma, pamoja na mabomba.

Fundi mkuu ana miaka mingi kazini na hapendi watu wa ofisini. Nilimwamkia shikamoo, nikabeba spana niliyoambiwa nibebe, nikanyamaza. Mchana, tukila mihogo kando ya shimo, nikamuuliza: mzee, ukisema kazi imeisha saa 12, maji yanarudi saa ngapi?

Akacheka kidogo, kisha akachukua kijiti akachora kwenye udongo. Tangi hapa. Bomba kuu hili. Mtaa wa bondeni, mtaa wa katikati, mtaa wa mlimani. "Mimi nikimaliza, bomba ni tupu. Lazima lijae. Nafungua valvu polepole, nikifungua kwa pupa hewa na presha vinapasua bomba jingine. Bondeni wanapata mapema. Watu wa bondeni wana hamu, wanafungua koki zote, wanajaza mapipa. Wakati huo mlimani hakuna hata tone. Mlimani wanaweza kupata usiku wa manane. Na maji ya kwanza yana tope."

Nilibaki nimeshika muhogo. Saa 12 jioni ilikuwa kweli tupu, kwa fundi. Ilikuwa saa ya kufunga shimo. Dawati letu liliichukua na kuituma kwa wateja kama saa ya kupata maji, na miaka yote hiyo hakuna aliyedanganya. Mama lishe wangu anakaa mlimani.

Nikamuuliza kwa nini hajawahi kuwaambia ofisini. "Waliniuliza namaliza saa ngapi. Niliwajibu."

Jumanne nimerudi na ramani ya mji, nikamwomba anichoree kwa kalamu ya rangi: kijani wanaopata kwanza, njano wanaofuata, nyekundu wa mwisho. Imechukua dakika 40. Naiona ndiyo mali kubwa zaidi ya kitengo chetu kwa sasa.

Wiki ya 4

Rasimu ya tangazo jipya imepita kwa mkurugenzi baada ya mizunguko mitatu. Kilichobishaniwa zaidi ni kutaja saa tofauti kwa mitaa tofauti. Mkurugenzi aliogopa watu wa mlimani wangeona wanabaguliwa. Dada Mkuu alimjibu kwa heshima kwamba wanajua tayari kuwa maji huwafikia mwisho. Kinachowaudhi ni sisi kujifanya hatujui. Neno "inapenda" limeondoka. "Maeneo ya jirani" nayo imeondoka: mtaa ukiwa umeathirika unatajwa kwa jina, hata kama orodha itakuwa ndefu.

Wiki ya 5, Jumanne usiku hadi Jumatano

Naandika hii Alhamisi, maana sikuwa na nafasi.

Saa 4 usiku bomba kuu lilipasuka karibu na daraja. Nusu ya mji ikakauka. Saa 4:30 sauti ya mtu asiyejulikana ilikuwa inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, ikisema tangi limeanguka na maji hayatakuwepo wiki nzima. Saa 5 duka moja mtaani kwetu lilikuwa linauza dumu la maji kwa mara tatu ya bei ya mchana. Nililiona mwenyewe.

Maelekezo ya kwanza yalikuwa tusubiri mpaka chanzo kijulikane. Naelewa hofu hiyo. Neno likishatoka halirudi, na kwetu msemaji wa taasisi ni mkurugenzi, mimi naandaa tu. Lakini Dada Mkuu alimpigia simu, akamsomea mistari minne tuliyoandika kwenye simu ndani ya gari: bomba kuu limepasuka darajani, tangi ni zima, mafundi wako eneo la tukio, hatujajua litachukua muda gani, tutawaambia tena saa 7 usiku. Ruhusa ilitoka saa 5:20.

Mstari wa nne ulinitetemesha kuliko yote. Sikuwahi kufundishwa kuandika "hatujajua" kwenye karatasi yenye nembo ya taasisi. Ila ahadi ya saa 7 usiku tuliitimiza, kukiwa bado hakuna cha kusema isipokuwa kwamba maji ya shimoni yanatolewa kwa pampu. Tukasema hivyo hivyo. Saa 10 alfajiri tena. Kufikia asubuhi, kwenye makundi yale yale, watu walikuwa wanasambaza taarifa zetu wenyewe, na ile sauti ya wiki nzima ilikuwa imezikwa.

Saa 2 asubuhi tulipeleka waandishi shimoni. Wazo hilo ni la zamani. Oktoba 28, 1906 treni ya Pennsylvania Railroad ilitumbukia majini kutoka darajani huko Atlantic City, Marekani, na zaidi ya watu 50 wakafa. Desturi ya kampuni za reli ilikuwa kuficha. Ivy Lee, mwandishi wa habari wa zamani aliyekuwa ameajiriwa na kampuni hiyo, alitoa maelezo ya maandishi kwa magazeti, akaandaa na usafiri wa kuwafikisha waandishi na wapiga picha kwenye ajali. The New York Times ilichapisha maelezo yale kama yalivyo. Wengi huihesabu kuwa ndiyo taarifa kwa vyombo vya habari ya kwanza duniani. Lazima niandike pia kwamba Lee huyo huyo, mwaka 1914, aliposhika upande wa wenye migodi baada ya mauaji ya wachimba makaa waliogoma na familia zao huko Ludlow, Colorado, alisambaza maelezo yaliyokuja kuonekana si sahihi, na sifa yake ikachafuka. Karatasi inaweza kuwa nzuri kwa lugha na bado ikapotoka kwa yaliyomo.

Fundi mkuu alizungumza na waandishi akiwa na matope magotini. Hakuna maneno niliyomwandikia. Alichora tena kwenye udongo.

Wiki ya 5, Ijumaa

Kosa langu. Kwenye taarifa ya saa 10 alfajiri niliandika jina la mtaa mmoja badala ya mwingine. Majina yanatofautiana silabi moja. Mtaa nilioutaja haukuwa kwenye bomba lile kabisa. Watu waliamka gizani kuteka maji wasiyoyahitaji, na mtaa uliokauka kweli ukadhani haumo. Tulitoa masahihisho saa 1 asubuhi, yakianza na neno "Tumekosea", likifuatiwa na jina sahihi.

Nimeenda mwenyewe kwa wenyeviti wa mitaa yote miwili kuomba radhi. Mwenyekiti wa mtaa uliokauka, mzee wa makamo, alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Binti, kabla ya kutuma, nipigie. Hata saa 10 nitapokea." Kuanzia leo kila tangazo linasomwa kwa simu na mtu mmoja anayekaa kwenye mtaa unaotajwa, kabla halijatoka. Nimeliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Wiki ya 6

Barua imefika kutoka kwa mkazi anayetaka ratiba ya mgao wa miezi mitatu iliyopita. Ilikuwa imezunguka meza mbili kabla ya kufika kwetu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inatupa siku zisizozidi 30 kumjibu. Tumemjibu siku ya nne, pamoja na nakala ya ramani ya rangi.

Wiki ya 7, Jumatano

Suala la bahasha. Kila anayeanza kazi hii atakutana nalo, na chuoni tulilipita haraka.

Baada ya mkutano na waandishi, mmoja wao aliniuliza kwa sauti ya chini kama "kuna chochote". Sikujua la kusema, nikamtazama Dada Mkuu. Alijibu wazi mbele ya wote: gari la kuwaleta na kuwarudisha lipo, chai ipo, taarifa na picha zipo, bahasha haipo, na habari ikiwa haina uzito wasiiandike. Wawili hawakuandika.

Nimelifikiria usiku huu. Waandishi wengi wa mikoani ni wa kujitegemea, wanalipwa kwa habari iliyotoka, na malipo hayo hayatoshi hata nauli ya kuifuata. Siwezi kuwadharau. Lakini siku tukiwalipa waandike kwamba maji yapo, watatulipisha wasiandike kwamba hayapo, na msomaji wa mlimani ndiye atakayebaki hana pa kuegemea. Tumekubaliana gari la waandishi lifike mpaka stendi ili wasitoe nauli mfukoni. Kidogo hicho tunakiweza.

Wiki ya 8

Nimezunguka mitaa mitano ya rangi nyekundu kuuliza tangazo letu la mwisho lilimfikia nani. Ujumbe wa simu unamfikia mtu ambaye namba yake imeandikwa kwenye akaunti ya dira, na mara nyingi huyo ni mwenye nyumba anayeishi mbali. Mpangaji hapati kitu. WhatsApp inampata kijana akiwa kazini. Anayejaza ndoo ni mama au dada aliyeko nyumbani. Kwa hiyo tumerudi kwenye bajaji yenye kipaza sauti, saa 11 jioni watu wakiwa wamesharudi, siku moja kabla. Na wenyeviti wa mitaa wanapata karatasi iliyochapwa kwa herufi kubwa ya kubandika dukani.

Sauti ya tangazo nimeirekodi mwenyewe. Mara ya kwanza nilisoma kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Dereva wa bajaji akaniambia, "Dada, ongea kama unamwambia jirani yako." Nikarudia.

Wiki ya 9

Mabishano marefu kuhusu ripoti ya mwezi. Kwa miaka mingi kitengo kimepima habari za magazetini kwa sentimita, kikazidisha kwa bei ya tangazo la kulipia, na kumpa mkurugenzi jumla ya shilingi "tulizookoa". Ni tarakimu inayopendeza kikaoni. Tatizo ni kwamba habari inayotulaumu kwa nusu ukurasa nayo inahesabika kuwa faida. Watu wa fani walikutana Barcelona mwaka 2010 wakakubaliana kwamba kipimo hicho hakionyeshi thamani ya mawasiliano. Nimelieleza hilo kikaoni nikiwa natetemeka mikono, kisha nikafungua daftari.

Wiki nne za kwanza tulitoa matangazo 9. Saa tuliyoahidi ilitimia mlimani mara 1. Kuanzia tulipotumia ramani ya rangi, matangazo 11, saa ya mlimani imetimia mara 8. Mara tatu zilizobaki: umeme ulikatika pampu ikasimama, mara mbili; na mara moja valvu iligoma, na hilo tulilitangaza kabla saa tuliyoahidi haijapita.

Mhasibu, ambaye sikuwahi kumsikia akizungumzia kitengo chetu, aliuliza kama simu za malalamiko zimepungua. Tulikuwa hatujazihesabu. Tumeanza.

Wiki ya 10

Fundi mkuu amekuja ofisini mwenyewe. Ni mara ya kwanza, anasema, kuingia chumba hiki. Alikuja kubadilisha rangi ya mtaa mmoja kwenye ramani, kwa sababu wamelaza bomba jipya na sasa unapata maji mapema. Alikaa, akanywa chai, akauliza tangazo la kesho limeandikwaje. Nilimsomea. Akasema saa 9 hiyo iwe saa 10, "udongo wa pale una mawe."

Tukaandika saa 10.

Wiki ya 11

Vijana watatu wa chuo wamekuja kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Mmoja ameniuliza kazi hii inahitaji nini, akitegemea nimwambie kuzungumza vizuri. Nimemwonyesha daftari, nikamwambia kesho avae viatu vya kukanyagia tope.

Mkataba wangu unaisha wiki ijayo. Nafasi za kudumu hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira na mchujo wake ni mkali. Nimeshajaza taarifa zangu kwenye mfumo wao, cheti nimekithibitisha, na nimeandika barua ya maombi mara nne. Nimeondoa humo sentensi iliyosema nina uwezo mkubwa wa mawasiliano, nikaweka maelezo ya ramani ya rangi.

Wiki ya 12, Alhamisi

Nimemkabidhi Dada Mkuu daftari, ramani mbili (moja imefungwa kwa nailoni kwa ajili ya gari la mafundi), na namba za wenyeviti na wakazi wanaosoma tangazo kabla halijatoka. Tangazo la leo ndilo la mwisho kuandikwa na mkono wangu. Limesomwa na fundi mkuu na mwenyekiti wa mtaa wa mlimani, na limetoka saa 10:45 jioni:

"TAARIFA KWA UMMA. Kesho Ijumaa maji yatakatika kuanzia saa 2 asubuhi. Tunabadilisha valvu iliyochakaa kwenye bomba kuu la stendi. Mafundi wanatarajia kumaliza saa 8 mchana. Baada ya hapo bomba litaanza kujaa. Mitaa ya bondeni itapata maji kuanzia saa 10 jioni, mitaa ya katikati saa 1 usiku, mitaa ya mlimani kati ya saa 4 na saa 6 usiku. Wa mlimani, tafadhali wekeni akiba ya kesho usiku na ya kupikia Jumamosi asubuhi. Maji ya kwanza yatakuwa na tope, yaacheni yapite. Kukiwa na mabadiliko tutawaambia kesho saa 8 mchana. Tunajua kesho itakuwa siku ngumu kwenu. Poleni."

Nimempigia mama lishe wa stendi kumsomea. Simu imeita hadi ikakatika. Saa hizi huwa anasonga ugali wa jioni. Nitampigia tena saa 2 usiku, kabla maduka ya madumu hayajafungwa.